Gauni nimelibuni mwenyewe, naambiwa nimeiga. Sasa naombwa niliuze kwa lebo ya mtu mwingine

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 27, fundi cherehani hapa Temeke, Dar es Salaam. Kazi nimefundishwa na mama yangu mdogo baada ya kumaliza kidato cha nne, na mpaka leo tuko fremu moja, cherehani yake mlangoni, yangu nyuma karibu na meza ya kukatia. Tunashona madera, sare za shule zikifika msimu wake, na zaidi ya yote mishono ya vitenge kwa ajili ya sendofu, kicheni pati na harusi.

Wateja wetu siku hizi hawaelezi wanataka nini. Mteja anatoa simu, anaonyesha picha, anasema "nishonee hii hii." Namshonea. Akifurahi, anasema imetoka kama kwenye picha, na hiyo ndiyo sifa kubwa tunayopewa. Silalamiki, kwa sababu ndiyo inayolipa kodi ya fremu. Ila mimi nguo naziwaza tofauti. Nikiwa kwenye daladala naangalia mkono wa gauni la aliyekaa mbele yangu umekaaje begani. Nina daftari ninalochora usiku. Kwenye simu nafuatilia wabunifu wa Lagos, Accra, Nairobi mpaka Paris, na picha nilizohifadhi hazihesabiki.

Kitambaa ninachokipenda kuliko vyote ni kanga. Nimekuwa nikisikitika jinsi tunavyoikata kama kitenge, pindo linatupwa, jina linaishia ndani ya mshono halisomeki. Nikachora gauni ambalo kanga ya juu nimeilaza mshazari ili pindo litoke bega la kushoto lishuke hadi upande wa kulia wa kiuno. Pale kwenye kona, mapindo mawili yanapokutana, sikukata. Nimeikunja ikaangukia kwenye nyonga. Sketi nimeiacha na pindo lake chini, na jina, "Wema hauozi", linasomeka nyuma mtu akigeuka. Nililishona kwa doti yangu mwenyewe, nikalivaa kwenye harusi ya ndugu yetu. Mama, sikukaa! Kila mtu anauliza nimeshonewa wapi.

Siku hiyohiyo yakanipata mawili. La kwanza, binamu yangu alinionyesha picha kwenye simu yake, gauni la mbunifu mmoja wa Nigeria, lina mstari unaokatiza mwilini kutoka begani kama langu. Akacheka mbele za watu, "kumbe umeiga!" Picha ile sikumbuki kuiona kabla. Lakini naangalia picha nyingi mno, sasa nitaapaje? La pili, mama mmoja mwenye duka la nguo Masaki alinifuata, akataka nimshonee magauni kama lile kila mwezi, yeye analeta kanga, ananilipa kwa kila gauni, lebo inakuwa yake. Jina langu halionekani popote.

Mama mdogo anasema nikubali haraka, nguo ikishauzwa ni ya aliyeivaa, majina ya nini. Mchumba wangu anasema nikatae, nifungue ukurasa wangu mtandaoni nijitangaze. Mimi nimekwama. Kama gauni si langu, nina haki gani ya kudai jina? Na kama ni langu, mbona nalitoa? Sikusomea ubunifu chuo chochote, sina wa kumuuliza. Tangu siku ile daftari sijalifungua.

Nisaidie mama.
Fundi wa Temeke


Marahaba mwanangu.

Barua yako ina maswali mawili yaliyoingiliana, na nadhani ndiyo maana unajiona umekwama. Moja ni kama gauni lile ni lako. La pili ni kama ulishone chini ya lebo ya mtu. Umeyafunga pamoja, ukaamua kwamba la pili halijibiki mpaka la kwanza liishe. Lipo na la tatu, umeligusa kwa sentensi moja tu mwishoni, na ndilo lililonigusa kuliko yote: umeacha kuchora.

Tuanze na ile picha. Nataka uitafute tena, na safari hii uitazame kifundi. Binamu yako ameona mstari unaokatiza mwilini, akasema ni kitu kimoja. Mtu asiyeshona atasema hivyo, wala si kosa lake. Wewe ikuze picha uangalie mshono unapita wapi. Mstari ule ni pindo la kitambaa chenyewe, au ni utepe wa rangi nyingine ulioshonewa juu? Kitenge cha kawaida hakina pindo pande zote nne, kanga inalo. Kama yule wa Nigeria alitumia kitenge, basi mstari wake aliutengeneza kwa kuongeza kitambaa, na wewe wako uliukuta tayari ukaamua upite wapi. Hizo ni kazi mbili tofauti, hata kama kwa mbali zinafanana. Kisha iangalie nyonga. Kuna kona pale? Kuna maandishi nyuma?

Sisemi kwamba ukimaliza kukagua utakuwa umeshinda kesi. Inawezekana ukakuta mmekaribiana kuliko unavyopenda. Hata hapo ningekuuliza jambo jingine. Kanga ni kitambaa chenye masharti yake. Ina pindo pande nne, ina mji katikati, ina jina upande wa chini wa mji, na ukubwa wake unajulikana. Fundi yeyote anayeamua kutolitupa pindo atajikuta na njia chache za kulipitisha mwilini, na mshazari ni mojawapo. Watu wawili wasiojuana, mmoja Temeke na mwingine mbali huko, wanaweza kufika pamoja kwa sababu kitambaa kimewaelekeza huko. Je, hilo nalo tuliite kuiga?

Nahisi umejiwekea sharti kwamba kitu kiwe chako lazima kisiwe na asili yoyote nje ya kichwa chako. Sijui sharti hilo umelitoa wapi, maana kanga yenyewe isingelitimiza. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani, mwishoni mwa karne ya 19, walinunua leso zilizokuwa zikija na biashara ya Wareno, wakaziunga sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona inapendwa wakaanza kuagiza kitambaa kizima chenye sura hiyo. Duka la Kaderdina Hajee Essak pale Mombasa, lenye alama ya "Mali ya Abdulla", lilianza mwaka 1887. Majina yakaongezwa baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi za Kirumi. Kanga zikachapwa India, Ulaya, Japani, mpaka nasi tukazichapa wenyewe kwenye kiwanda cha Urafiki. Kitenge nacho historia yake ni ya Waholanzi kuiga batiki za Java kwa mashine. Leo mwanamke wa Tanga au Bagamoyo ukimwambia kanga si yake atakushangaa.

Unasikitika hukusoma chuo. Ngoja nikutajie mtu mmoja ambaye habari zake naona zinakuhusu. Azzedine Alaïa, mbunifu wa mavazi, alizaliwa Tunis mwaka 1935, akasomea uchongaji wa sanamu. Akiwa kijana alifanya kazi kwa fundi wa kike pale Tunis, wakiwashonea matajiri nakala za magauni ya wabunifu wa Paris. Umesoma vizuri: alianza kwa kuwashonea watu "hii hii". Mwaka 1957 akaenda Paris. Kwenye nyumba ya mitindo ya Dior alikaa siku chache tu, akafanya kazi kwa mbunifu Guy Laroche, kisha miaka mingi akawa anashonea wateja wake nyumbani bila jina lake kujulikana na wengi. Alipokuja kusimama kwa jina lake, ilikuwa ni baada ya mikono yake kujua mwili wa mwanamke sentimita kwa sentimita. Na mpaka alipofariki mwaka 2017 alikuwa amekusanya maelfu ya nguo za wabunifu waliomtangulia, wakiwemo Balenciaga na Madeleine Vionnet, ili ajifunze zilivyokatwa. Hakuona kwamba kuangalia kazi za watu kunamnyang'anya ya kwake.

Nakuambia haya kwa sababu naona unawaona wateja wenye simu kama kitu kinachokuzuia. Lakini fikiria unavyofanya kazi. Msichana wa kwenye picha ni mrefu, mwembamba, amesimama kwenye taa nzuri. Mteja wako ana kifua kikubwa, bega moja limeshuka, na kitenge alicholeta ni yadi nne badala ya sita. Nani anaamua shingo ishuke kiasi gani, maua makubwa yakae wapi yasiangukie mahali pa aibu, mkono upunguzwe vipi kitambaa kitoshe? Picha haisemi. Unaamua wewe, kila siku, haraka, mteja akiwa amesimama mbele yako. Sidhani kama kona ile ingekuja nyongani bila miaka hiyo yote ya kupima watu.

Hata hivyo sitaki nikupumbaze. Wapo wanaonakili kazi ya mwenzao mshono kwa mshono, wakaandika jina lao, na wewe una haki ya kuogopa kuwa mmoja wao. Woga huo ni dalili nzuri ukiupa kazi. Kwa kila mchoro, andika pembeni tarehe na ulikotoka: kanga ya nani, mkono uliouona kwenye daladala, picha ya mbunifu gani. Mtu akikuuliza, unafungua daftari. Na ukigundua umechukua kitu kwa mtu, unamtaja, huna sababu ya kujificha. Ningekushauri pia upumzishe kidogo picha za simu ukiwa unachora. Si kwamba ni mbaya. Picha inakuonyesha nguo iliyokwisha, haikuonyeshi ilivyofikiwa. Chukua kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono uangalie matundu yake yalivyopangwa. Chukua mkeka uone ukili mmoja ulivyoungwa na mwingine bila kuvunja rangi. Huko utapata maswali ambayo hakuna aliyekwisha kukujibia.

Sasa twende kwa mama wa Masaki.

Kushona chini ya lebo ya mwingine si aibu. Nyumba kubwa za mitindo duniani zimejaa mafundi ambao majina yao hayapo kwenye lebo. Wanalipwa, wanajifunza, wengine wanatoka wakaanzisha za kwao. Kwa upande wako kuna faida zinazoonekana: fedha ya kila mwezi isiyotegemea msimu wa harusi, kanga usizozigharamia, na wanawake wa aina nyingine kabisa watakaolivaa gauni lako ukaona linavyokaa. Hatari nazo zipo. Ukishaukabidhi mkato, anaweza kumpa fundi mwingine wa bei ya chini. Baada ya mwaka, ukishona gauni lile kwa jina lako, wateja wake wanaweza kusema wewe ndiye unayemwiga. Hapo maneno ya binamu yako yatarudi kwa namna nyingine, na yataumiza zaidi.

Kukataa nako kuna gharama zake, na mchumba wako ameziruka. Akitaka, mama yule anaweza kununua gauni moja, akalifumua, akalikata upya kwa fundi wake. Gauni haliwezi kufungiwa kabatini likauzika hapohapo. Vionnet aliyekata nguo mshazari kule Paris miaka ya 1920 na 1930 alisumbuliwa sana na wanakili. Alipiga picha kila gauni mbele, nyuma na ubavuni, akawa anaweka alama ya kidole gumba chake kwenye lebo. Hakuacha kuuza. Alihakikisha tu kwamba ushahidi upo.

Wewe pia unaweza kupiga picha za namna hiyo, zenye tarehe, pamoja na michoro yako. Kisheria, hapa Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiyo inayoisimamia. Nenda na daftari lako ukaulize wenyewe kipi kwenye kazi yako kinalindwa. Ujue mapema tu kwamba hakimiliki hailindi wazo tupu. "Pindo la kanga lipite mshazari" ni wazo, mtu yeyote anaweza kulitumia. Mchoro wako ni kitu kingine.

Katikati ya kukubali na kukataa naona njia kadhaa, na sijui ipi itakufaa kwa sababu sijui mama yule ni mtu wa namna gani. Unaweza kumshonea mishono mingine na hili moja ukalibakiza. Unaweza kumpa hili kwa muda mnaokubaliana, kisha linarudi kwako. Unaweza kuomba jina lako liandikwe dogo chini ya lake, au ndani ya gauni tu. Unaweza kukubali lebo yake lakini karatasi za kukatia zisitoke kwenye fremu yenu, magauni yaondoke yakiwa yameshonwa. Vyovyote mtakavyosema, viandikwe na mweke sahihi wote wawili, mbele ya shahidi. Kabla ya hapo muulize mambo ya kawaida kabisa: magauni mangapi, mpaka lini, anayauza bei gani, na je, unaruhusiwa kuyaonyesha kama kazi ya mikono yako? Jinsi atakavyojibu swali hilo la mwisho itakueleza mengi juu ya nia yake.

Na kuna la kiufundi ambalo litagusa fedha zako. Kanga ni pamba nyepesi, ukiikata mshazari inavutika. Gauni likikunjwa pindo la chini siku hiyohiyo, kesho yake upande mmoja umeshuka. Linataka kutundikwa usiku mzima ndipo lisawazishwe. Tena mapindo ya kanga hayalingani kila doti, wakati mwingine uchapaji umepinda, na kona yako haitakaa nyongani mpaka uihangaikie. Lile la kwanza ulilishona kwa mapenzi, bila kuangalia saa. Utaweza kuyashona ya kila mwezi kwa moyo ule? Labda ndiyo. Lakini bei anayokutajia lazima ijue kwamba hili halishonwi kama dera.

Mama yako mdogo usimwone kama adui wa ubunifu wako. Kwake nguo nyingi zimemaanisha ada, unga na kodi, na jina halijawahi kumlipia hata kimoja. Tena cherehani, umeme na meza ya kukatia ni vya pale kwake, kwa hiyo mkataba huu unamhusu hata kama hautamtaja. Kaa naye jioni mkishafunga. Mwambie unavyolipenda gauni lile, kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi kuhusu pindo na jina linalosomeka nyuma. Sina hakika kama amewahi kuyasikia. Halafu mpige hesabu ya gauni moja: uzi, bitana, zipu, saa za kukata, usiku wa kulitundika, na oda za vitenge mtakazoziacha. Yeye ndiye anayejua biashara ya pale kuliko mimi na kuliko mchumba wako.

Ukurasa anaousema mchumba wako unaweza kuwepo hata ukimkubali mama wa Masaki, kama makubaliano yenu yanaruhusu. Hauhitaji haraka. Na kwa siku za mbele, Dar kuna majukwaa ya kuonyesha kazi. Swahili Fashion Week ilianzishwa mwaka 2008 na Mustafa Hassanali, ambaye yeye alisomea udaktari wa binadamu, si ubunifu wa mavazi. Hilo la chuo, mwanangu, lisikukoseshe usingizi.

Jibu la mama wa Masaki si lazima litoke wiki hii, mwombe akupe muda. Ila daftari ningependa ulifungue kabla hujamjibu, hata kama utachora mkono wa blauzi peke yake. Ukishaongea na mama mdogo, na ukishaikuza ile picha ukaona utepe ni utepe au pindo, niandikie tena.

Mama mshauri